Mwenye banda la gemu auze muda, asiuze vifo

Kila msimu wa ufuta unapokwisha, na baadaye ule wa korosho, fedha za minada ya stakabadhi ghalani huingia mikononi mwa wakulima na wafanyabiashara wa mkoa wa Lindi kwa muda mfupi, na swali la kila mwaka hurudi sokoni: fedha hizi ziwekwe wapi kabla hazijaliwa? Bodaboda zimekuwa nyingi. Vibanda vya mawakala wa fedha za simu vinatazamana. Maduka ya vifaa vya simu yanauza bidhaa zile zile kwa bei zile zile. Kwa sababu hiyo banda la gemu limekuwa miongoni mwa shughuli ambazo mwekezaji mdogo wa Kilwa Masoko, Nangurukuru au Lindi mjini huzifikiria kwa uzito. Mtaji wake unafahamika: televisheni, mashine mbili au tatu, pedi, benchi na umeme.

Hata hivyo, hesabu ya biashara hii mara nyingi hufanywa upande mmoja tu. Mwekezaji huuliza bei ya mashine, kodi ya fremu na gharama ya umeme. Ni nadra kuuliza ni watu wangapi wanaopita mbele ya mlango wake wakiwa na shilingi mfukoni, lakini hawaingii kwa sababu wanajua hawataweza kucheza. Hao ni wateja waliopotea kabla ya kuhesabiwa, na hasara yao haionekani katika daftari lolote.

Sehemu kubwa ya mapato ya mabanda hutoka kwenye gemu za mpira wa miguu, ambazo wachezaji wawili hushindana na mechi hulipiwa. Lakini zipo gemu za aina nyingine zinazowavuta watoto, wasichana na watu wazima wasiopenda mpira. Hizi ni gemu za kuruka, ambazo mhusika hukimbia na kuruka kutoka jukwaa moja hadi jingine, huku akikwepa mashimo, miiba na maadui. Mario wa Nintendo, aliyepata umaarufu mkubwa kwa Super Mario Bros. ya mwaka 1985, na Crash Bandicoot wa mwaka 1996 ni mifano inayofahamika.

Gemu za kuruka zina sifa moja inayomhusu mfanyabiashara moja kwa moja: hazina huruma. Kidole kikichelewa kidogo tu, mhusika hutumbukia shimoni, na mchezaji husemekana "amekufa". Katika mabanda mengi utaratibu uliozoeleka ni kwamba anayekufa humpisha mwenzake. Kwa kijana mwenye vidole vyepesi na mazoezi ya miaka miwili, utaratibu huo hauna tatizo. Kwa mtu mwenye mkono mmoja, mwenye macho hafifu, mwenye vidole vilivyokakamaa au mgeni wa mchezo, utaratibu huo una maana moja. Anakaa kwenye benchi nusu saa, anashika pedi sekunde ishirini, kisha anarudi nyumbani. Kesho haji.

URITHI WA MASHINE ZA SARAFU

Ugumu huu una historia ya kibiashara. Katika miaka ya 1980 gemu nyingi zilichezwa Marekani na Japani kwenye mashine kubwa zilizomezeshwa sarafu. Sarafu moja ilimpa mchezaji maisha machache, na yalipokwisha alitakiwa kutoa sarafu nyingine. Mwenye mashine alipata faida pale mchezaji alipokufa haraka, hivyo ugumu ulikuwa chombo cha kukusanya fedha. Gemu za nyumbani zilizofuata zilirithi desturi hiyo hata baada ya sarafu kuondoka.

Mwenye banda wa Kilwa hauzi sarafu. Akiwa anatoza kwa muda, kifo cha mchezaji hakimwongezei hata senti moja. Kinachomwongezea ni mteja kubaki kwenye kiti, kulipia nusu saa nyingine na kurudi kesho akiwa na ndugu yake. Kwa hiyo mwenye banda anayeacha gemu katika ugumu wake wote kwa kila mteja anafuata kanuni ya biashara ambayo si yake.

Chukua mfano wa hesabu. Banda lina mashine 3 na hufunguliwa saa 10 kwa siku, hivyo lina saa 30 za kuuza. Ikiwa bei ni shilingi 1,000 kwa saa, mapato ya juu kabisa ni shilingi 30,000 kwa siku. Ikiwa saa zinazouzwa ni 12 tu, mapato ni shilingi 12,000, na saa 18 zinaoza kama samaki waliokosa barafu. Wakipatikana wateja 6 wapya wanaonunua saa moja kila mmoja, zinaongezeka shilingi 6,000 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi hiyo ni shilingi 156,000 kwa mwezi, bila kununua mashine ya nne. Kila mwekezaji anaweza kuweka tarakimu zake mwenyewe katika hesabu hii. Mwelekeo wake hautabadilika.

WATENGENEZAJI WALIVYOBADILI MSIMAMO

Kampuni zinazotengeneza gemu zilikwisha kuiona hesabu hii. Mwaka 2009 Nintendo ilitoa New Super Mario Bros. Wii ikiwa na msaada wa aina mpya: mchezaji akifa mara 8 katika hatua moja, sanduku la kijani hutokea, na akiligonga Luigi huonyesha njia ya kupita. Mchezaji anaweza kuchukua uongozi wakati wowote au kuacha Luigi amalize. Gemu hiyo iliuza zaidi ya nakala milioni 30. Katika Super Mario 3D Land ya mwaka 2011, aliyekufa mara 5 hupewa jani linalomkinga dhidi ya maadui. Super Mario Odyssey ya mwaka 2017 ina namna nyepesi ya kucheza ambayo huonyesha njia kwa mishale na kumpa mchezaji afya mara mbili ya kawaida. Katika Super Mario Bros. Wonder ya mwaka 2023, mchezaji anayemchagua Yoshi au Nabbit hadhuriwi na maadui, ingawa bado anaweza kutumbukia shimoni.

Mfano unaostahili kuangaliwa zaidi na mwekezaji mdogo ni Celeste, iliyotolewa Januari 2018 na kikundi kidogo cha watengenezaji. Ni gemu ya kupanda mlima, na inajulikana kwa ugumu wake. Lakini ndani yake ipo sehemu ya unafuu ambapo mchezaji hupunguza kasi ya mchezo hatua kwa hatua hadi nusu, hujipa nguvu zisizokwisha za kushika ukuta, au hujikinga asife kabisa. Kila kipengele huwashwa peke yake, hivyo anayehitaji kasi ndogo tu haondolewi changamoto nyingine. Kabla mwaka huo haujaisha, Celeste ilikuwa imeuza zaidi ya nakala 500,000 na kushinda tuzo ya gemu bora ya watengenezaji wa kujitegemea katika The Game Awards. Takwimu hizi hazithibitishi kwamba unafuu ndio uliouza. Zinachoondoa ni hofu iliyozoeleka kwamba unafuu huua soko. Waliotaka ugumu waliupata, na waliotaka njia nyingine nao walinunua.

Liko funzo la pili katika gemu hiyo, nalo halihusu mitambo. Maneno ya kwanza ya kuitambulisha sehemu ya unafuu yalisisitiza kwamba ugumu ndio kiini cha mchezo, na baadhi ya wachezaji wenye ulemavu walilalamika kwamba walihisi kama wanahukumiwa. Mwaka 2019 maneno hayo yakaandikwa upya. Mitambo haikubadilika, bali lugha. Kijana anayesimamia banda na kumwambia mteja mbele ya watu kwamba anamwekea "ya watoto" amekwisha kumfukuza. Akiuliza kwa sauti ya kawaida, "Kasi hii inakutosha au tupunguze kidogo?", amemhudumia kama muuza kitambaa anayeuliza kipimo.

TANGA ILIKWISHA KUONYESHA

Anayedhani haya ni mambo ya Marekani na Japani pekee aangalie upande wa kaskazini wa mwambao huu huu. Shindano la kimataifa la Global Learning XPRIZE, lililoanzishwa mwaka 2014, lilitafuta programu ambazo mtoto angeweza kujifunzia kusoma, kuandika na kuhesabu bila mwalimu. Majaribio yake yalifanyika mkoani Tanga kwa muda wa miezi 15 kuanzia mwishoni mwa mwaka 2017, kwa ushirikiano na Serikali ya Tanzania, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Watoto wapatao 2,700 katika vijiji 170 walipewa kompyuta bapa zenye programu za Kiswahili, na vituo vya kuchajia kwa umeme wa jua vikajengwa vijijini. Kabla ya majaribio, zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya majaribio, idadi hiyo ilipungua kwa nusu.

Mwezi Mei 2019 zawadi ya dola milioni 10 iligawanywa sawa kati ya washindi wawili, onebillion na Kitkit School. Kitkit School ilitengenezwa na Enuma, kampuni iliyoanzishwa na wabunifu wa gemu ambao mtoto wao alikuwa na mahitaji maalumu. Kazi yao ya awali ililenga watoto ambao programu za kawaida huwaacha nyuma. Kilichobuniwa kwa ajili ya mtoto mwenye shida ya kujifunza kikamfaa pia mtoto wa kijijini ambaye hakuwahi kushika kompyuta. Kwa lugha ya soko, bidhaa iliyokatwa kwa kipimo cha mteja mgumu iliwatosha na wateja wengine.

Wala wazo lenyewe si geni kwa watu wa pwani. Anayeanza bao hapewi kwanza bao la Kiswahili lenye kanuni zake zote, bali huanzia bao la kujifunza kwenye ubao ule ule na kwa kete zile zile. Hakuna mzee barazani aliyewahi kusema kwamba bao la kujifunza limeharibu bao.

WATEJA WENYEWE NI AKINA NANI

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 1.3, yaani mtu mmoja kati ya kila sita, wanaishi na ulemavu wa kiwango kikubwa. Katika sensa ya mwaka 2022 mkoa wa Lindi ulihesabiwa kuwa na wakazi 1,194,028. Si kila mwenye ulemavu ni mteja wa gemu, na si kila mteja anayehitaji unafuu ana ulemavu. Lakini mwenye banda akitazama mtaa wake atawaona.

Uvuvi haramu wa baruti, uliosumbua pwani ya Kilwa, Lindi na Mtwara kwa miaka mingi, umewaacha baadhi ya wavuvi bila vidole au bila mkono. Wapo walioumia katika ajali za pikipiki. Wapo wenye ualbino, ambao wengi wao huona kwa shida kutoka mbali na husumbuliwa na mwanga mkali. Wapo viziwi, ambao wanaweza kushindana vizuri sana iwapo gemu haitegemei mlio peke yake kutoa onyo. Wapo wasichana ambao hawakupata mazoezi kwa sababu pedi zilishikwa na kaka zao. Wapo wazazi na mabibi ambao wangekaa na mtoto kwa nusu saa kama mhusika asingekufa kila mara.

Makundi haya hayafanani katika mahitaji, lakini yanafanana katika jambo moja: yanakutana na mlango ule ule uliofungwa. Anayeufungua kwa kundi moja huwa ameufungua kwa sehemu kubwa ya makundi mengine.

GHARAMA NA VIFAA

Habari njema kwa mwenye mtaji mdogo ni kwamba sehemu kubwa ya kazi hii haihitaji ununuzi. Tangu Machi 2015, PS4 ina sehemu katika mipangilio yake inayoruhusu vitufe vya pedi kubadilishana kazi, picha kukuzwa, maandishi kunenepeshwa na rangi kugeuzwa. Mwenye mkono mmoja anaweza kuhamishiwa kitufe cha kuruka upande anaoutumia. Kazi hiyo huchukua dakika chache. Mashine za zamani zaidi hutegemea kila gemu yenyewe, na hilo ni jambo la kuuliza kabla ya kununua mashine ya mtumba kwa sababu tu bei yake ni ndogo.

Katika kuchagua gemu, mwenye PS4 akumbuke kwamba Mario huchezwa kwenye mashine za Nintendo. Kwa mashine yake anaweza kupata Celeste, au Crash Bandicoot 4 ya mwaka 2020, ambayo humwachia mchezaji kuchagua kati ya namna ya zamani yenye maisha ya kuhesabika na namna ya kisasa isiyo na ukomo wa maisha. Ni vyema kununua nakala halali. Vipengele vya unafuu mara nyingine huongezwa au kurekebishwa baada ya gemu kutoka, na nakala ya wizi hubaki kama ilivyonakiliwa.

Kuhusu pedi maalumu, uangalifu unahitajika. Microsoft ilitoa Xbox Adaptive Controller Septemba 2018 kwa dola 99.99, na Sony ikatoa Access Desemba 2023 kwa dola 89.99. Kwa shilingi kila moja inazidi laki mbili kabla ya usafiri na ushuru. Access hutumika kwenye PS5 tu, hivyo mwenye PS4 akiinunua atakuwa ametupa fedha. Ile ya Microsoft hufanya kazi kwenye Xbox na kwenye kompyuta za Windows, na ina matundu 19 ya plagi ya milimita 3.5, ya ukubwa ule ule wa plagi ya spika za masikioni. Fundi redio anaweza kuunga swichi ya kengele ya mlango kwenye plagi hiyo ikawa kitufe kikubwa cha kubonyezwa kwa kiwiko au mguu. Hata hivyo, kwa banda linaloanza, pedi hiyo si ununuzi wa kwanza. Inafaa pale wateja wanaoihitaji wanapokuwa wamekwisha kuonekana.

Kinachofaa kwanza ni vitu vya bei ndogo. Meza ambayo pedi inaweza kulazwa bila kushikwa kwa mikono miwili. Kiti kimoja karibu na kioo kwa asiyeona mbali. Mlango usio na ngazi ya kumzuia mwenye baiskeli ya magurudumu matatu. Na kwa kuwa maelekezo ya gemu nyingi huja kwa lugha za kigeni, karatasi ya Kiswahili ukutani inayoeleza kitufe gani huruka na kipi hukimbia. Juu ya yote, tangazo kwamba bei ni ya muda na si ya maisha, na kwamba aliyelipia nusu saa ni yake mpaka ikwishe, hata akifa mara mia.

PINGAMIZI NA MTAJI

Wapo wanaosema kwamba gemu ikirahisishwa itamalizwa haraka na mteja hatarudi. Hofu hiyo ingekuwa na msingi kama unafuu ungewekwa kwa lazima kwa wote. Unafuu wa kuchagua haumgusi kijana hodari. Na anayecheza kwa nusu ya kasi haimalizi gemu upesi. Anakaa zaidi, na muda ndio bidhaa inayouzwa.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la foleni. Siku za sikukuu, banda likijaa, vijana hawatakubali mtu mmoja akae na pedi nusu saa. Hili ni kweli, na dawa yake ni ratiba. Saa za mchana wa siku za kazi, ambazo mashine hukaa bure huku wanafunzi wakiwa darasani, ndizo za kuwatangazia watu wazima, wavuvi waliorudi baharini na kinamama wenye watoto wadogo. Saa za jioni zibaki kwa ushindani. Hivyo banda halimnyang'anyi mteja mmoja ili kumpa mwingine, bali linauza saa zilizokuwa zikioza.

Kuhusu mtaji, sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Mara nyingi mtu mwenye ulemavu hufikiriwa kuwa mteja wa kusaidiwa. Hakuna sababu asiwe mwenye banda. Kikundi cha watu wenye ulemavu kinachoomba mkopo kwa ajili ya banda la gemu kina sifa ambayo mshindani hana, kwani kinajua mlango umefungwa wapi.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 ilikwisha kuweka haki ya kushiriki katika michezo na burudani. Lakini mfanyabiashara hahitaji kusubiri sheria imsukume wakati daftari lake lenyewe linamwonyesha saa 18 tupu kila siku. Kabla ya kwenda Dar es Salaam kununua mashine ya nne, afungue mipangilio ya mashine ya kwanza, abadilishe tangazo la bei ukutani, kisha ahesabu viti kwa mwezi mmoja.